Kibao cha Kumi na Saba

Wanaliita Daraja la Mbao
ingawa mbao zilishakwisha zamani.
Sasa ni chuma chenye matundu, bluu ya halmashauri,
na kibao cha onyo: WATEMBEA KWA MIGUU TU.
Jina ndilo lililogoma.
Hata kijana wa bodaboda, wa kuzaliwa juzi, ameniambia:
"Nakushusha la Mbao, mama. Pikipiki haivuki."

Nimeshuka.
Juni ya Mbeya haina adabu,
inaingia kwenye mikono ya sweta bila hodi.
Loleza umejifunika mpaka kidevuni.
Chini, Sisimba ni kijito cha povu la sabuni na chupa,
nami huko Dodoma ninakoshona sare za shule
niliwaapia mafundi wenzangu
kwamba ni mto, na unameza.

Tulikuwa tunahesabu.
Vibao arobaini na kimoja kwenda,
arobaini na kimoja kurudi,
na mama nyuma yetu, mkungu wa ndizi kichwani,
akikanya kwa Kinyakyusa, kisha kwa Kiswahili,
ili daraja nalo lisikie:
msikimbie, msirukeruke, msitazame chini.

Tulitazama chini.
Kibao cha kumi na saba kilikuwa na pengo
pana kama daftari la hesabu,
na maji yaliyopita humo
yalikuwa na haraka kuliko maji mengine.

Hapo ndipo kilipozama kiatu cha Asajile.
Kipya. Cha kushoto. Asubuhi ya kipaimara.
Hakulia. Alisimama kwa mguu mmoja kama korongo
akasubiri mto utubu.
Picha ipo: kaka yangu nyuma ya mtoto wa Mwakalobo,
uso mbele ya askofu,
soksi imefichwa.

Kilichobaki mama hakukitupa.
"Na mwenzake akiokotwa je?"
Akakiweka mlangoni.
Upepo wa Uporoto ulipotaka kuubamiza mlango
kiatu kiliuzuia,
kidogo, cheusi, kimejaa mchanga ili kiwe kizito.

Asajile alivuka hapa na begi la turubai
akienda Chunya, kwenye dhahabu.
Kibao cha kumi na saba alikiruka bila kutazama,
kama unavyomruka mtu aliyelala.
Zilikuja barua mbili.
Ya tatu ilikuwa ya mtu mwingine,
mwandiko mzuri sana.

Mama aliisoma barazani, akaikunja,
akaenda kuepua chai isimwagike.
Mlango akauacha vilevile.
Tulipomzika mama, miaka mingi baadaye,
ni mimi niliyekiondoa kile kiatu,
na mlango ukapiga kwa kishindo
mpaka majirani wakatoka kuuliza.

Sasa nipo katikati ya chuma.
Chuma hakina vibao.
Nimejaribu kuhesabu hatua,
lakini miguu ya mtoto na ya mtu wa miaka hamsini na mitatu
haikubaliani kumi na saba iko wapi.
Nimerudi mwanzo. Nimehesabu tena.
Pembeni, maharusi wanapigwa picha,
bibi harusi ameinua gauni lisishike kutu,
na bwana harusi anaambiwa acheke, anacheka.
Nimechungulia tundu moja, nikahamia la pili.
Yote ni madogo. Hata kifungo hakipiti.

"Shikamoo mama."
Nyuma yangu, msichana na beseni.
"Samahani. Kama unapiga picha, piga.
Kama unavuka, vuka.
Parachichi hizi zitaniivia kichwani."

Nimevuka.

Ng'ambo nikageuka nimwambie kitu,
alikwishamezwa na soko.
Darajani walibaki watoto wawili wa shule
wakikigonga chuma kwa visigino,
wanahesabu, sijui nini.
Walifika thelathini na ngapi, wakabishana,
wakarudi mbio kuanza upya.